Radhi ya Bi Hindu

Bi Hindu alipofika mlangoni kwa Zamzam kuomba radhi, alikuwa ameshazipita karibu nyumba zote za mtaa wa Langoni alizokuwa na haja ya kuzipita, na hizo hazikuwa chache. Mdomo wa Bi Hindu unajulikana. Tangu ujana wake huko Mkomani, hakuna arusi wala matanga aliyohudhuria akatoka bila kumwachia mtu donge kooni. Sasa Mola amemjaalia kwenda kuhiji, ikambidi apite mlango kwa mlango akiyazoa aliyoyamwaga. Watu walimpokea vizuri. Mtu anayekwenda Makka humkunjii uso: unamkaribisha, anakuomba, unamwambia nimekusamehe dunia na akhera, unampa sharubati, unamwagiza akuombee dua mbele ya Kaaba, yamekwisha. Hata mwenye kinyongo hulitoa lile neno, kwani nani anataka kuambiwa ndiye aliyemfungia mwenzake njia ya Mungu?

Alikuja na mkwewe Sundus, aliyemshika mkono kwenye ngazi. Zamzam alikuwa ameketi mkekani akishona kofia, kazi yake ya kila siku, na mumewe Jeilani, fundi wa lipu, ndiyo kwanza ametoka kazini, mikono bado ina chokaa. Jeilani aliinuka mbio akamfutia Bi Hindu kiti. Tena si kwa adabu tu: nyumba anayoipiga lipu ni ya Abdulwahid, mtoto wa Bi Hindu.

"Mwanangu Zamzam," Bi Hindu alianza, na maneno yalimtoka laini kwa kuwa ameshayasema sana wiki ile. "Miye ni msafiri. Naenda nyumba ya Mungu, kurudi siyui. Mwaka yana, matanga ya mamako, Mungu amrehemu, nilikwambia neno. Nakuomba unisamehe."

Zamzam alichomoa sindano, akaichomeka kwenye kofia, akaiweka kofia chini. Jeilani alikuwa ameshaanza kutabasamu. Fairuz, binti yao wa kidato cha pili, alisimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya sharubati.

"Bado, Bi Hindu," Zamzam akasema.

"Bado nini?"

"Bado sijakusamehe. Ukirudi salama nitakusamehe. Leo siwezi."

Jeilani alicheka peke yake. "Mama Fairuz anapenda utani," akasema.

"Sina utani," Zamzam akajibu. "Ninasoma, Bi Hindu. Najifunza msahafu. Alfajiri naamka kwa hasira nilizo nazo juu yako, hizo ndizo zinazoniinua kitandani. Nikikusamehe leo, kesho nitalala. Najijua."

Bi Hindu alimtazama kama asiyesikia vizuri. Katika nyumba zote alizopita alikuwa amepewa radhi, na kwengine halua pia. Hakuna aliyemwambia ana haja na hasira zake. Sundus ndiye aliyepata kusema kwanza.

"Mama yangu mtu mzima, amepanda ngazi zako na magoti mabovu, nawe unamwambia bado? Hii ni dini gani?"

"Niwache nisome kwanza, ndipo niijue vizuri," Zamzam akasema.

Bi Hindu aliondoka bila kugusa sharubati. Jeilani akawasindikiza mpaka chini akiomba msamaha yeye, na aliporudi juu akaenda kunawa.

Basi neno lenyewe ni hili. Anayejua khitma za kwetu anajua kwamba juzuu zote za msahafu huwekwa ndani ya kisanduku, kisanduku kikazunguka, kila mwanamke akachukua juzuu moja akasoma, na wote wakimaliza ndipo msahafu mzima umesomwa na dua ikaombwa kwa maiti. Zamzam hakujua kusoma. Alizaliwa kijijini Kipungani, kifungua mimba, na mamake Bi Barka alikuwa msuka mikeka. Wenziwe walipokwenda chuoni yeye alibaki nyumbani kuwashika wadogo zake. Sura za kuswalia alizipokea kwa sikio, zikamtosha. Alipoolewa mjini aliona haya kusema, kwa kuwa wanawake wa mjini wanasoma wote, hata mwendawazimu wao. Akajitafutia hila. Kwenye kila khitma aliketi karibu na kisanduku ili aiwahi juzuu Amma, ile ya mwisho yenye sura fupi, ambazo nyingi anazijua kwa moyo. Alifungua kijitabu, akateremsha macho kwenye mistari, na mdomo ukasema yaliyomo kichwani. Akaenda hivyo miaka na miaka, hata mumewe hakujua.

Siku ya matanga ya mamake, maiti bado yumo chumba cha pili hajazikwa, yeye ndiye alikuwa mfiwa, na mfiwa hagombanii pa kuketi. Walimweka pembeni kabisa, kwenye mto. Kisanduku kilipomfikia, Amma ilishachukuliwa. Alitwaa iliyomjia mkononi, akaifungua, akainama. Alikuwa amekesha akilia, vidole havina nguvu, akageuza kurasa mbili kwa pamoja. Bi Hindu alikuwa kando yake.

"Hapo husomi," Bi Hindu akasema, na hakusema kwa kunong'ona. Akamtoa juzuu mkononi akampa Fairuz. "Msomee bibi yako, mwanangu, maiti yuangoja. Weye mamake, inuka ukapokee vikombe."

Wanawake walijitia kusoma kwa bidii zaidi, lakini walikuwa wameona. Fairuz alisoma. Zamzam aliinuka akapokea vikombe vya kahawa kwenye matanga ya mamake mwenyewe, na tangu pale hakulia tena. Watu wakasema mtoto wa Bi Barka ana subira. Subira ya wapi! Zilikuwa hasira, zimemkauka mpaka machoni.

Matanga yalipoondoka alimwita bintiye chumbani, akafunga mlango.

"Nifundishe," akamwambia. "Na ukimwambia mtu nitakutoa roho."

Fairuz hakumwambia mtu, ila babake, ambaye hawezi kufichwa kitu kwenye nyumba ya vyumba viwili. Kila alfajiri baada ya swala waliketi mama na mwana, kijitabu cha herufi kimeegemezwa kwenye mto, mama akienda alifu, be, te, kama watoto wa chuo. Wiki za mwanzo zilikuwa adhabu. Mtu mzima ana kazi, ana mgongo, ana usingizi. Herufi zinafanana, nukta hapa, nukta pale. Kila alipotaka kulala, Zamzam alimwita Bi Hindu. Alimsimamisha kichwani na buibui lake na miwani yake, akamwacha aseme: inuka ukapokee vikombe. Usingizi ukaruka.

"Ma, umemkasirikia nani?" Fairuz alimwuliza siku moja. "Mimi, ama herufi? Unaisoma hiyo kafu kama unataka kuipiga."

"Soma uniwache."

"Si ni wewe unasoma?"

"Basi niwache nisome."

Na alisoma. Kutoka herufi akaenda kwenye maneno, kutoka maneno akaingia kwenye juzuu, polepole, kwa kugotagota. Alikuwa na siku yake aliyoiwekea nia: khitma ya mwaka ya mamake, itakayosomwa nyumbani kwake mwezi wa Mfungo Tatu. Alishaiona yote. Bi Hindu ameketi, kisanduku kinapita, yeye Zamzam anaiacha Amma kwa makusudi, anachukua yoyote, anasoma kwa sauti, na Bi Hindu anasikia. Usiku alilala nayo picha ile. Kisha ndiyo Bi Hindu apate safari ya Makka, na Mfungo Tatu ni mwezi wa hija! Siku ya khitma hatakuwepo. Zamzam alipopata habari hiyo alihisi ameibiwa. Na juu ya kumwibia, mwizi anakuja kuomba radhi.

Asubuhi baada ya Bi Hindu kunyimwa radhi, Jeilani alikwenda kazini kama kawaida. Alikuwa amepanda jukwaa, mwiko mkononi, aliposikia Abdulwahid anamwita kutoka chini. Abdulwahid hakugomba, watu wa nyumba ile hawagombi na mafundi.

"Fundi Jeilani, ebu pumzika siku mbili tatu."

"Chokaa imeshachanganywa, Bwana Abdulwahid. Itaharibika."

"Iache iharibike. Mama yumo ndani, hana raha. Akikuona anakumbuka. Si unafahamu?"

Jeilani alifahamu. Aliosha mwiko, akaubeba pamoja na ndoo yake, akarudi nyumbani kwa njia kuu jua likiwa bado upande, wakati ambao fundi mwenye kazi haonekani njiani. Kila aliyemwona alimwuliza: mbona mapema, fundi, kazi imekwisha? Akawajibu imekwisha. Aliyemwuliza mara ya pili alimpita.

Nyumbani aliiweka ndoo katikati ya chumba, mahali ambapo mkewe lazima aione.

"Nimepewa likizo," akasema. "Kwa sababu yako."

"Abdulwahid amekufukuza?"

"Watu wenye heshima hawafukuzi. Wanakupumzisha." Akaketi. "Zamzam, neno moja tu. Nimekusamehe. Hata mtoto mdogo hulisema. Lina uzito gani?"

"Kama halina uzito, yeye alifuata nini hapa?"

Jeilani ni mtu mpole, na mtu mpole akikasirika hajui pa kuanzia. "Mimi sikusoma sana," akasema, "lakini hili nalijua. Amali ni kwa nia. Kusoma Kurani kwa chuki na mtu, una thawabu gani hapo? Unamsomea mamako au unamsomea Bi Hindu?"

Hilo lilimchoma, kwa sababu alishajiuliza mwenyewe. Ndiyo maana alijibu kwa ukali.

"Thawabu nitaitafuta nikishajua kusoma. Kwanza nijue! Wewe ulijua mimi sijui? Miaka yote hii tumeoana, ulijua? Hukujua. Mumangu hukujua, mwanangu hakujua, mamangu amekufa akidhani nimejifunzia huku mjini, namsomea babangu khitma kila mwaka. Aliyejua ni Bi Hindu. Nilikaa na haya yangu karibu miaka ishirini nisifanye kitu, Baba Fairuz, haya haikuniamsha hata siku moja. Hasira zimeniamsha. Sasa mnataka mnitoe hicho kitu kimoja kilichonifaa."

"Na mimi kazi yangu je?"

Zamzam aliichukua kofia akaendelea kushona, akajichoma kidole.

Habari zilizunguka mjini zenyewe kwa miguu yake. Alipoingia dukani kununua mchele, wanawake waliokuwa wakizungumza walinyamaza, kisha mmoja akaanza kuusifu mchele kwa maneno mengi kuliko unavyostahili. Muuza duka akamwambia, bila kuulizwa, kwamba mahujaji wanaondoka Jumatano. Mwanamke mmoja mzee, asiyemjua vizuri, alimfuata mpaka nje akamshika kiwiko. "Mwanangu, yule akifa huko ana haki yako shingoni, weye utalala?" Zamzam akamwambia hivi sasa halali, anasoma. Alfajiri iliyofuata akasoma kurasa nyingi kuliko siku zote, mpaka Fairuz akapiga miayo akasema, "Ma, hao watu wakikusema tena mwezi mmoja, utakuwa hafidhi."

Jumanne baada ya alasiri Bi Hindu alikuja tena, peke yake. Hakuleta mkwe, hakutuma habari. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya vidato viwili, Zamzam akimsikia kutoka juu akajiuliza kama ashuke kumshika mkono au la. Hakushuka. Alisimama juu, mkono umeshika ukuta, mpaka mama mzee alipotokea akihema.

"Mumeo yupo?"

"Katoka."

"Vizuri. Sikuya kwa mumeo. Kazi yake aende asubuhi, nimeshasema na Abdulwahid. Mambo ya wanaume na chokaa yao hayana ndia hapa." Akaketi mkekani kwa taabu, hakungoja kiti. "Nimekuya kukwambia kwa nini nilifanya."

"Najua kwa nini."

"Huyui. Siku ile wanawake wengine walikuona kabla yangu. Wale waliokuwa nyuma yako, wakikutazama, mato yote kwako. Nikasema, huyu watamteka, wamfanye kicheko hadi kesho, bora niseme hapa hapa yaishe."

"Basi ulinifanyia wema," Zamzam akasema. Sauti ilikuwa baridi.

Bi Hindu alitoa miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akairudisha. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijiambia mwaka mzima," akasema. "Nilipotoka hapa siku ile, nikalala nikifikiri. Si kweli. Nilisema kwa kuwa napenda ionekane kuwa najua. Toka udogo. Nikiona mtu amekosea, ulimi unaniwasha, sioni kama mbele yangu mna mfiwa ama mna nani. Hapo ndipo penye kosa, na hilo ndilo lililonipasa kuliombea radhi."

Zamzam alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Akasubiri aombwe tena. Alijua safari hii akiombwa hataweza kukataa, na akaogopa.

"Sikuombi tena," Bi Hindu akasema.

"Vipi?"

"Si umesema hasira zangu ndizo zinazokuamsha? Basi kaa nazo. Hapa muyini watu wazima wangapi hawayui kusoma, wanafungua juzuu wanadanganya watu? Nawajua. Hakuna aliyeamka kusoma kwa sababu nilimpenda. Weye umeamka kwa sababu nilikutukana. Nikizitwaa hizo hasira nikaenda zangu Makka nimetakasika, nawe ukalala, nitakuwa nimekukosea mara ya pili." Akainuka, akijishikia kwenye ukuta. "Soma kwanza. Nikifa na haki yako shingoni, mimi na Mola wangu."

"Bi Hindu, watu watasema nini?"

"Watasema. Mimi nimesema watu maisha yangu yote, na wao wapate zamu."

Safari hii Zamzam alimshika mkono kwenye ngazi. Walishuka pamoja, kidato kimoja kimoja, mama mzee akitafuta kila kidato kwa ncha ya kiatu kabla ya kukikanyaga. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mlangoni Bi Hindu alimpigapiga begani akaenda.

Alfajiri ya Alhamisi Zamzam aliamka, akaswali, akaketi mbele ya mto. Fairuz akafungua juzuu. Zamzam akamwita Bi Hindu kichwani kama kawaida, aje na buibui lake, aseme. Akaja mama mzee anayetafuta kidato kwa ncha ya kiatu.

"Ma, anza," Fairuz akasema.

"Leo nimechoka. Nenda kalale kidogo kabla ya skuli."

Ijumaa ilikuwa vilevile. Jumamosi hata kwenye mto hakuketi, aliswali akarudi kitandani akajifunika. Hakika alikuwa amejijua vizuri: hasira zimemtoka, na usingizi umeingia mahali pake. Alijichukia kwa hilo, lakini kujichukia hakukumwinua.

Jeilani aliyaona yote. Kazi alisharudishiwa, chokaa mpya imechanganywa, na Abdulwahid anamwita Bwana Fundi. Ilimpasa afurahi. Lakini aliuona mto umeegemea ukuta, juzuu imelala juu yake imefungwa, akakosa raha. Jumapili alfajiri alirudi kutoka msikitini, akamkuta mkewe amejifunika gubigubi, akasimama juu yake mikono kiunoni.

"Hapo husomi!" akasema kwa sauti nyembamba ya kizee. "Weye! Inuka ukapokee vikombe!"

Zamzam alitoa kichwa. Akamwona mume mzima, na ndevu zake, amebana midomo kama Bi Hindu. Alijaribu kukasirika, kwa kumheshimu, lakini kicheko kilimtoka, na Jeilani naye akacheka mpaka akaketi kitandani.

"Haikufaa?" akamwuliza.

"Haikufaa hata kidogo. Lakini ahsante."

"Ulikuwa umefika wapi?"

"Karibu nimalize juzuu ile ile Bi Hindu aliyonitoa mkononi."

Jeilani akatikisa kichwa. "Mamako angependa kuisikia," akasema, akatoka kwenda kununua mahamri. Hakukusudia kitu. Alisema tu, kama mtu anavyosema.

Zamzam alibaki kitandani. Mwaka mzima alikuwa amemwona Bi Hindu siku ile: mkono wake, miwani yake, mdomo wake. Mamake hakumwona. Sasa Bi Hindu hayupo kichwani, na nyuma yake ndiyo akamwona Bi Barka, amelala chumba cha pili amefunikwa shuka nyeupe, anangojea kusomewa na mtoto wake wa kwanza, yule aliyemzuia kwenda chuoni ili amshikie wadogo zake. Akalia. Alilia kwa sauti, bila haya, kama ambavyo alipaswa kulia mwaka jana, na uchungu ule ulikuwa mkubwa kuliko hasira zote alizowahi kuwa nazo. Fairuz alikuja mbio kutoka jikoni akasimama asijue la kufanya.

"Nipe juzuu," Zamzam akamwambia, makamasi yakimtoka.

"Ma, si uache leo—"

"Nimekwambia nipe."

Alisoma akilia. Alikosea, akarudia, akakosea tena. Fairuz hakumtania siku ile.

Siku ya khitma nyumba ilijaa. Kisanduku kilizunguka, Zamzam akaiacha Amma impite, akachukua ile iliyokuwa yake. Wanawake walisoma. Mmoja mmoja wakamaliza, wakafunga vijitabu, wakavirudisha kisandukuni. Zamzam alikuwa bado. Alikwenda kwa kidole, neno kwa neno, kijasho kinamtoka. Wote walipokwisha kusoma, yeye alikuwa hajafika hata nusu, na dua haiombwi mpaka juzuu zote ziishe. Kahawa ikapoa. Watoto wakaanza kulia. Sundus, aliyekuja kwa niaba ya mkwewe, alikohoa, akasogea.

"Zamzam dada yangu, tupe tukugawanyie kurasa. Tutamaliza mara moja."

Zamzam hakuinua kichwa, kidole alikiacha pale pale asije akapoteza mstari.

"Ngojeni," akasema. "Ni mamangu."

Wakangoja. Wengine walikunja nyuso, mmoja alitazama simu, lakini hakuna aliyeondoka. Kila mtu mle ndani akasikia kila neno, zuri na bovu, mpaka la mwisho. Dua ikaombwa. Bi kizee aliyeketi mlangoni alilia na hakuwahi hata kumjua Bi Barka.

Jioni, vyombo vimeshaoshwa, Fairuz akakiri kwamba alizirekodi kwa simu zile kurasa za mwisho. Zamzam alimgombeza, kisha akamwambia amtumie Bi Hindu. Akaishika simu mwenyewe, akaisogeza karibu na mdomo, akasema kwa sauti kubwa, kana kwamba Makka haisikii: "Bi Hindu, nimesoma. Nimekusamehe dunia na akhera. Mungu aikubali hija yako." Akairudisha simu, akahisi mwepesi, akaketi na mumewe kula pilau iliyobaki.

Jibu lilikuja kabla hawajanawa. Fairuz akalifungua, na Bi Hindu akaingia chumbani na sauti yake yote.

"Nimepokea radhi yako, mwanangu, Mola akulipe, nimelia hapa mbele za watu. Nimekusikiza toka mwanzo hadi mwisho, msahafu mkononi. Kisomo chema. Mamako kimemfika. Lakini ukurasa wa pili kutoka mwisho umeruka mstari mzima. Urudie."

Jeilani alifunika mdomo. Fairuz akatazama dari. Damu ilimpanda Zamzam kutoka shingoni mpaka masikioni, moto ule ule wa zamani.

"Mwanamke huyu!" akasema. "Yuko Makka! Yuko kwenye nyumba ya Mungu!"

Akanawa mkono haraka haraka, akaufuta, akakaa mbele ya mto.

"Nilifanya haraka kumsamehe," akasema, na tayari alikuwa anautafuta ukurasa.